Kiwambo na Mashine: Historia ya Kumwachisha Mgonjwa wa Upasuaji Kupumua kwa Msaada

Katika kila pumzi anayoivuta mtu mwenye afya, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana na mwembamba wenye umbo la kuba unaokitenga kifua na tumbo. Amri ya kuvuta pumzi hutoka katika shina la ubongo, hushuka hadi uti wa mgongo wa shingoni, na kutoka hapo husafiri kwa neva mbili ziitwazo neva za freniki, moja kila upande, ambazo hupita kifuani kando ya moyo hadi kukifikia kiwambo. Nacho, kikiisha kupata amri, hujikaza na kushuka, kifua hupanuka, na hewa huingia kuifuata nafasi iliyopatikana. Mashine ya kupumulia inayotumika leo hospitalini hushika njia iliyo kinyume, kwa kuwa husukuma hewa kupitia mpira uliopitishwa kooni, na mapafu hujaa hata kama kiwambo kimelala kabisa. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa swali ambalo madaktari wamehangaika nalo kwa zaidi ya nusu karne: mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, akabaki kwenye mashine, itajulikanaje kwamba misuli yake iko tayari kuipokea tena kazi yake?

Kukosea pande zote mbili kuna gharama. Mgonjwa akiondolewa mpira mapema mno, huchoka, hewa ya kaboni dioksidi hurundikana katika damu, na hulazimika kurudishiwa mpira kwa haraka akiwa katika hali mbaya kuliko mwanzo. Akicheleweshwa, hukaribisha nimonia, huumia koo, na, kama ilivyokuja kuthibitishwa baadaye sana, misuli yenyewe ya kupumulia husinyaa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walianza kuisikia mashine hii ikitajwa kila siku mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, na mazungumzo ya wakati ule yalihusu zaidi kuipata kuliko kuiacha, ilhali uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Hispania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba takriban asilimia 41 ya muda wote wa kupumulia kwa mashine ulitumika katika kuwaachisha wagonjwa mashine hiyo.

Wazo la kumpulizia kiumbe hewa ni la kale. Andreas Vesalius alieleza mwaka 1543 jinsi alivyotoboa koo la mnyama, akaingiza mwanzi, akapuliza, na kuuona moyo uliokuwa ukififia ukirudia mapigo yake. Hata hivyo jambo hilo lilibaki kuwa la maabara kwa karne kadhaa, na mashine ya chuma ya Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Boston mwaka 1928, ilimfungia mgonjwa ndani yake mwili mzima isipokuwa kichwa na kukivuta kifua chake kwa nje. Iliwaokoa wagonjwa wa polio, lakini haikufaa chumba cha upasuaji, kwa sababu iliyo wazi kwamba hakuna awezaye kumpasua mtu aliye ndani ya pipa.

Kwa wagonjwa wa upasuaji, habari yenyewe inaanzia Montreal, nchini Kanada, tarehe 23 Januari 1942, siku ambayo daktari wa usingizi Harold Griffith, akisaidiwa na Enid Johnson, alimdunga kijana aliyekuwa akitolewa kidole tumbo dawa ya kurare, iliyotokana na sumu ambayo wenyeji wa Amerika Kusini waliipaka kwenye mishale yao ya kuwindia. Kurare huikatiza amri ya neva pale inapoufikia msuli, na kwa hiyo misuli ya tumbo hulegea, daktari wa upasuaji akapata nafasi ya kufanya kazi bila mgonjwa kuzamishwa katika usingizi mzito wa hatari. Wapasuaji waliipenda mno. Mjini Liverpool, Cecil Gray na John Halton walitangaza mwaka 1946 kwamba walikuwa wameitumia kwa zaidi ya wagonjwa elfu moja. Lakini dawa isiyochagua misuli hulegeza pia ile ya kupumulia, na tangu hapo daktari wa usingizi alijikuta na kazi mpya ya kuketi kichwani pa mgonjwa akiuminya mfuko wa mpira, pumzi baada ya pumzi, mpaka dawa iishe nguvu.

Mfuko huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ulikuwa chombo cha kwanza cha kupimia misuli ya kupumulia, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Aliyeushika aliweza kuhisi mapafu yakiwa magumu au laini; na, jambo lililo muhimu zaidi, mgonjwa alipoanza kujaribu kuvuta pumzi mwenyewe, mfuko ulinywea kidogo chini ya vidole kabla haujaminywa. Daktari mzoefu alijua kutokana na mguso huo kwamba kiwambo kinaamka, akapunguza msaada wake kidogo kidogo, akimwachia mgonjwa pumzi moja, kisha mbili, kisha zote. Ujuzi huo haukuandikwa kwa tarakimu, wala haukuwa salama siku zote. Mwaka 1954 Henry Beecher na Donald Todd, wa Boston, walichapisha uchunguzi wa matukio 599,548 ya kutolewa dawa ya usingizi katika hospitali 10 za Marekani, ambamo vifo vilivyohusishwa na usingizi vilikuwa karibu mara sita zaidi kwa waliopewa dawa za jamii ya kurare. Tafsiri ya matokeo hayo ilizua ubishi mkali, hasa Uingereza, ila sehemu ya maelezo yake inakubalika hadi leo, nayo ni kwamba wagonjwa wengi walirudishwa wodini wakiwa na misuli iliyozinduka nusu tu.

Aliyeuhamisha mfuko huo kutoka chumba cha upasuaji hadi wodini alikuwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi wa Denmark ambaye alikuwa amesoma Boston kwa Beecher huyo huyo. Mnamo Agosti 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio, na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam, iliyoongozwa na Henry Lassen, ilikuwa na mashine moja tu ya pipa na sita za kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumulia walitibiwa kwa mashine hizo, na 27 kati yao wakafa. Ibsen, alipoalikwa kutoa rai yake, alitazama maiti akaona kwamba mapafu hayakuwa mabovu kiasi cha kueleza vifo hivyo, akaanza kushuku kwamba wagonjwa walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi ya kutosha, na kwamba vipimo vya damu vilivyodhaniwa kuonyesha maradhi ya ajabu ya kimetaboliki vilikuwa vikionyesha tu kurundikana kwa kaboni dioksidi.

Tarehe 27 Agosti alipewa nafasi ya kuthibitisha neno lake kwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa mahututi. Koo lilitobolewa, mpira wenye kijiputo cha kuzuia hewa isivuje ukaingizwa, lakini msichana alihangaika na mapafu yake yakakaza kiasi kwamba hewa haikuingia, hata baadhi ya madaktari waliokuja kushuhudia wakakata tamaa. Ndipo Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukatulia, na mfuko ukaanza kufanya kazi yake. Katika siku zilizofuata wanafunzi wa udaktari na wa meno, wapatao 1,500 kwa jumla, walipangwa zamu za kuwapumulisha wagonjwa kwa mikono, usiku na mchana, na kulipata kuwa na wagonjwa wapatao 70 waliopumulishwa hivyo kwa wakati mmoja. Idadi ya vifo, ambayo mwanzoni ilikuwa karibu asilimia 87, ilishuka hadi takriban asilimia 25 kabla ya mlipuko kwisha. Historia nyingi za tiba huuchukulia mwaka huo kuwa mwanzo wa chumba cha wagonjwa mahututi, na ni haki. Lakini kwa upande wa mada hii una sifa nyingine isiyotajwa sana, kwamba kwa miezi kadhaa kila mgonjwa alikuwa na mtu pembeni yake ambaye mkono wake ulihisi kila dalili ya msuli unaorudi. Mgonjwa hajapata tena kusikilizwa kwa namna hiyo.

Mikono ya wanafunzi haikuweza kutegemewa milele, na mashine zikachukua nafasi yake. Carl-Gunnar Engström wa Sweden alikuwa ametengeneza mashine iliyosukuma ujazo maalumu wa hewa kwa kila pumzi, na mwaka 1955 yeye na mpasuaji wa kifua Viking Olov Björk walichapisha maelezo ya jinsi walivyowapumulisha kwa muda mrefu wagonjwa waliokuwa wamekatwa sehemu ya pafu na kushindwa kupumua baada ya upasuaji. Hapo ndipo mgonjwa wa upasuaji alipoanza kukaa kwenye mashine kwa siku kadhaa badala ya saa kadhaa. Mashine ya Engström ilikuwa na nguvu na haikuchoka, ila haikuwa na njia ya kujua kama mgonjwa anajaribu kupumua; ilisukuma kwa mwendo wake, na mgonjwa aliyeshindana nayo alitulizwa kwa dawa. Kwa miongo miwili iliyofuata kanuni iliyotawala ilikuwa kwamba msuli uliochoka unahitaji mapumziko, na kwamba mapumziko kamili hayana madhara.

Kumwachisha mgonjwa mashine, katika miaka hiyo, kulitegemea jicho. Mgonjwa alitenganishwa na mashine kwa dakika chache, akapewa oksijeni kupitia kiungo chenye umbo la herufi T, akatazamwa rangi ya midomo, jasho la paji la uso, na namna mabega yanavyopanda, kisha akarudishwa. Mwaka 1973 Steven Sahn na S. Lakshminarayan walijaribu kuweka tarakimu mahali pa jicho, kwa kupima ujazo wa hewa ambayo mgonjwa huipitisha katika dakika moja na nguvu ya juu kabisa anayoweza kuitoa akivuta pumzi dhidi ya njia iliyozibwa. Mwaka huo huo John Downs na wenzake walipendekeza mashine itoe pumzi chache za lazima huku mgonjwa akipumua mwenyewe katikati, na idadi ya pumzi za lazima ikapunguzwa hatua kwa hatua. Njia hiyo ilienea kwa kasi hasa Marekani, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiandikia maagizo, na kwa miaka mingi watu wachache waliuliza kama kweli ilikuwa inaharakisha chochote.

Wakati huo huo, swali la mabaki ya dawa za kulegeza misuli lilipata jibu zuri zaidi kuliko swali la uchovu. Mjini Liverpool, mwaka 1970, Hassan Ali, John Utting na Cecil Gray walieleza kipimo cha kuichokoza kwa umeme neva ya mkononi mara nne ndani ya sekunde mbili, na kuulinganisha mruko wa nne wa kidole gumba na wa kwanza. Dawa ikiwa bado ipo, mruko wa nne huwa dhaifu. Kwa muda mrefu uwiano wa 0.7 ulihesabiwa kuwa salama, mpaka uchunguzi wa Sweden wa miaka ya 1990 ulipoonyesha kwamba misuli ya koromeo bado haifanyi kazi sawasawa mpaka uwiano ufike 0.9. Kipimo hiki kina kasoro ya kuvutia, kwamba kidole gumba si kiwambo. François Donati na wenzake, Montreal, walionyesha mwaka 1986 kwamba kiwambo huhitaji takriban dozi maradufu ya dawa ili kulegea kwa kiasi kile kile, na kwa hiyo mgonjwa anaweza kuvuta pumzi za kutosha huku misuli ya koo lake ikishindwa kuiweka njia ya hewa wazi. Daktari aliyeona kifua kinapanda akaridhika, alikuwa ameridhika mapema.

Kisha kulikuwa na madhara ya upasuaji wenyewe. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka Calgary na Ufaransa, zilitumia mipira miembamba yenye viputo, kimoja katika umio, yaani njia ya chakula, na kingine katika tumbo, ili kupata tofauti ya shinikizo juu na chini ya kiwambo, ambayo ndiyo kipimo cha nguvu ya msuli huo. Zilionyesha kwamba baada ya upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo nguvu inayotolewa na kiwambo hupungua sana na huchukua takriban wiki moja kurudi, na kwamba kumwondolea mgonjwa maumivu peke yake hakurekebishi hali hiyo. Msuli haukuwa umekatwa wala kuumizwa. Ilikuwa ni amri kutoka ubongoni iliyopunguzwa, kwa njia ya mwitikio wa neva unaoanzia kwenye viungo vya tumbo vilivyoguswa. Ushahidi ulikuja mwaka 1988, pale Mankikian na wenzake walipozima neva hizo kwa ganzi iliyodungwa mgongoni usawa wa kifua na kuona kazi ya kiwambo ikiimarika. Katika upasuaji wa moyo tatizo lilikuwa tofauti: barafu iliyosagwa na kumwagwa kuuzunguka moyo ili kuulinda ilizigandisha neva za freniki zinazopita hapo hapo, hasa ya kushoto, na mgonjwa aliamka na nusu ya kiwambo iliyopooza. Yote hayo hayakuweza kuonekana kwenye vioo vya mashine, kwa sababu mashine ilipima hewa iliyoisukuma yenyewe.

Ili kulisikia agizo la ubongo moja kwa moja, ilibidi kuufuata umeme. Kila msuli unapopokea amri hutoa umeme kidogo, na kuurekodi umeme huo huitwa elektromiografia. Mwaka 1960 Petit, Milic-Emili na Delhez walieleza jinsi walivyopitisha elektrodi ndani ya umio hadi pale umio unapopenya katikati ya kiwambo, wakaunasa umeme wa msuli huo kwa watu waliokuwa macho na wazima. Ujanja wa njia hiyo ni wa kianatomia, kwani kiwambo kimejificha chini ya mbavu na hakifikiki kutoka nje bila kuchanganywa na misuli mingine, ilhali umio unakigusa kabisa. Milic-Emili baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na mji huo, ambako kurare iliingia chumba cha upasuaji mwaka 1942, ukawa makao makuu ya elimu ya misuli ya kupumulia; ni sadfa, lakini ni sadfa inayompendeza mwanahistoria. Hapo mwaka 1975 Whitelaw, Derenne na Milic-Emili walibuni kipimo cha kuziba njia ya hewa bila mgonjwa kutarajia na kusoma shinikizo la sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, kabla mgonjwa hajajua kwamba njia imezibwa, na hivyo kupata picha ya ukubwa wa amri ya ubongo. Hapo pia Charis Roussos na Peter Macklem walionyesha mwaka 1977 kwamba kiwambo cha binadamu kinaweza kuchoka, na Bellemare na Grassino, mwaka 1982, wakaonyesha kwamba msuli hauwezi kustahimili muda mrefu pale zao la sehemu ya nguvu unayoitumia na sehemu ya muda unaokaa umekazwa linapozidi takriban 0.15.

Mwaka huo wa 1982 Cohen na wenzake, wakishirikiana na Roussos na Macklem, waliipeleka elimu hiyo kitandani. Waliwachunguza wagonjwa 12 walioshindwa kuachishwa mashine, na katika 7 kati yao waliona umeme wa kiwambo ukibadilisha mawimbi yake kwa namna iliyohesabiwa kuwa alama ya uchovu, mabadiliko yaliyotangulia dalili nyingine: pumzi zilizidi kuwa za haraka, kisha tumbo likaanza kuingia ndani wakati wa kuvuta hewa badala ya kutoka nje, na kaboni dioksidi ikapanda katika damu mwishoni. Mpangilio huo ulibadilisha mtazamo wa madaktari wengi, kwa sababu ulimaanisha kwamba kipimo cha damu, walichokitegemea kwa miaka thelathini, kilikuwa kikiwafikia kikiwa kimechelewa. Sehemu ya nadharia hiyo haikudumu. Mwaka 2003 Franco Laghi na wenzake walizichokoza neva za freniki kwa sumaku kabla na baada ya jaribio la kuachishwa, wakakuta kwamba hata walioshindwa hawakuwa wamefikia uchovu wa kweli wa msuli, kwa sababu walirudishwa kwenye mashine kabla ya hapo. Walikuwa wameelemewa, na kuelemewa kulitosha.

Martin Tobin, aliyekuwa katika kundi hilo hilo, alikuwa ameshatoa mchango wake mkubwa zaidi kwa kutumia chombo cha bei nafuu kuliko vyote. Yeye na Karl Yang walichapisha mwaka 1991 uchunguzi wa wagonjwa 100, 36 wa kutafutia kipimo na 64 wa kukijaribia, na wakaonyesha kwamba kinachotabiri vyema zaidi kushindwa ni idadi ya pumzi kwa dakika ikigawanywa kwa ujazo wa pumzi moja katika lita. Mgonjwa anayepumua mara 20 kwa dakika, lita 0.4 kila pumzi, hupata 50 na kwa kawaida hufaulu. Anayepumua mara 30, lita 0.25 kila pumzi, hupata 120, juu ya kikomo cha 105, na huelekea kushindwa. Msuli dhaifu huchagua pumzi fupi za haraka, na uwiano huo huifichua siri hiyo kwa saa ya mkononi na kipima hewa.

Mwaka 1995 Andrés Esteban na kundi lake la Hispania walizilinganisha njia nne za kuachisha, na jaribio la mara moja kwa siku la kumwacha mgonjwa apumue mwenyewe likawatoa wagonjwa kwenye mashine upesi takriban mara tatu kuliko njia ya Downs, na takriban mara mbili kuliko ile ya kupunguza shinikizo la msaada polepole. Mwaka uliofuata Wesley Ely na wenzake, kwa wagonjwa 300, walionyesha kwamba kuwachunguza wote kila siku kwa utaratibu uliowekwa kulipunguza muda wa mashine kutoka siku 6 hadi 4.5. Matokeo hayo yalikuwa kama pigo kwa kiburi cha fani, kwa kuwa yalimaanisha kwamba wagonjwa wengi walikuwa tayari kwa siku kadhaa kabla ya daktari wao kudhani hivyo.

Kanuni ya mapumziko yasiyo na madhara ilianguka rasmi mwaka 2008. Sanford Levine na wenzake, wa Philadelphia, walichukua vipande vya kiwambo kutoka kwa watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na waliokuwa wakitoa viungo, na ambao viwambo vyao vilikuwa vimelala kabisa chini ya mashine kwa saa 18 hadi 69, wakavilinganisha na vya wagonjwa 8 waliopumulishwa kwa saa mbili au tatu tu wakati wa upasuaji wa kifua. Eneo la mkato wa nyuzi za msuli zinazofanya kazi polepole lilikuwa limepungua kwa asilimia 57, na la zile za haraka kwa asilimia 53. Watafiti wa wanyama walikuwa wamelionya jambo hilo tangu miaka ya 1990, lakini hakuna aliyetarajia kwamba kwa binadamu lingetokea ndani ya siku tatu. Baadaye Ewan Goligher, wa Toronto, akiupima unene wa kiwambo kwa altrasaundi kila siku kwa wagonjwa 107, alikuta mwaka 2015 kwamba kilikuwa kimepungua unene katika asilimia 44 yao na kuongezeka unene katika asilimia 12. Na kundi hilo la pili lilikuwa la wale waliofanyishwa kazi kupita kiasi. Tangu hapo tatizo lilikuwa kumpa mgonjwa kazi ya kadiri, na kadiri haipatikani bila kupima.

Chombo cha kupimia kilikuwa kimekwisha kupatikana. Christer Sinderby, Msweden aliyefanya kazi Montreal pamoja na Grassino na Jennifer Beck, aliutafutia ufumbuzi ugumu ambao ulikuwa umeifungia elektromiografia ya umio ndani ya maabara, yaani kwamba umeme wa kiwambo hupimwa kwa mikrovolti chache, huku moyo, ulio karibu, ukitoa umeme mkubwa zaidi, na kiwambo chenyewe kikipanda na kushuka mbali na elektrodi. Alipanga elektrodi kadhaa ndogo mfululizo kwenye mpira mwembamba, akabuni hesabu za kuitambua jozi iliyo karibu zaidi na msuli kwa kila punde na kuuondoa umeme wa moyo, na mwaka 1999 yeye na wenzake wakachapisha mfumo ambamo mashine huisikiliza amri hiyo na kusukuma hewa kwa kadiri yake, ikianza mgonjwa anapoanza na kukoma anapokoma. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 2007. Mpira wenyewe ni ule ule wa kulishia, unaopitishwa puani hadi tumboni, na muuguzi huuweka mahali pake kwa kuutazama umeme wa moyo kwenye kioo: wimbi dogo la kwanza la kila pigo huonekana wazi kwenye elektrodi za juu na kufifia kadiri zinavyoshuka, na mpira ukikaa sawasawa, umeme wa kiwambo hujitokeza zaidi kwenye zile za katikati.

Faida ya kwanza ilikuwa kuona yale yaliyofichika. Arnaud Thille na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2006, kwa wagonjwa 62, kwamba takriban robo yao hawakupatana na mashine katika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pumzi zao, mara nyingi kwa mgonjwa kujaribu kuvuta pumzi na mashine isitambue. Elektrodi za umio huyaonyesha majaribio hayo moja baada ya jingine. Faida ya pili ilihusu kuachisha moja kwa moja, kwa sababu ujazo wa pumzi ukigawanywa kwa umeme ulioizaa hutoa kipimo cha ufanisi wa msuli. Anayelazimika kutoa amri kubwa ili kupata hewa kidogo hajawa tayari, hata kama idadi ya pumzi zake inaridhisha. Watafiti wa Nanjing mwaka 2012 na wa Bordeaux mwaka 2013 walieleza kwamba ufanisi huo ulikuwa juu zaidi kwa waliofaulu kuachishwa. Huko Bordeaux, Hadrien Rozé na wenzake walikuwa wameshajaribu mwaka 2011, kwa wagonjwa 15, utaratibu wa kila siku wa kumwacha mgonjwa apumue kwa muda bila msaada wa maana, kuusoma umeme wa juu kabisa aliofikia, kisha kuirekebisha mashine ili katika saa zilizobaki kiwambo kifanye kazi kwa asilimia 60 ya kiwango hicho, kisilale na kisielemewe. Na kadiri siku zilivyokwenda msaada uliohitajika ulipungua wenyewe.

Majaribio makubwa yalitoa majibu ya kiasi. Mwaka 2020 Robert Kacmarek na washirika wake wa Hispania walichapisha matokeo ya wagonjwa 306, ambamo waliopumulishwa kwa kufuata umeme wa kiwambo walipata siku nyingi zaidi bila mashine, lakini vifo havikutofautiana. Na mwaka huo huo kundi la Nanjing, kwa wagonjwa 99 walioshindwa kuachishwa kwa njia za kawaida, lilieleza kwamba muda wa kuwaachisha ulifupishwa. Kwa wagonjwa wengi wa upasuaji, ambao huamka, hukohoa na kutolewa mpira ndani ya saa chache, mpira wenye elektrodi hauna kazi, na jaribio la dakika 30 kwa msaada mdogo wa shinikizo, ambalo Carles Subirà na wenzake walilithibitisha mwaka 2019 kwa wagonjwa 1,153 kuwa lina mafanikio zaidi kuliko lile la saa mbili kwa kiungo cha T, hutosha. Mpira huo wenye elektrodi unabaki kwa wale walioshindwa mara moja au mbili, waliopasuliwa juu ya tumbo au kifuani na kukaa siku nyingi wakiwa wamelala, na kwa hao hakuna tarakimu moja ya mikrovolti inayofaa wote, kwa kuwa umeme hutofautiana na umbo la mwili na mahali elektrodi zilipokaa. Kwa hiyo madaktari humlinganisha kila mgonjwa na nafsi yake ya jana.